Kazi ya dizaini Nairobi bila LinkedIn: njia zinazolipa na zinazopoteza muda

Kazi nyingi za michoro jijini Nairobi hazipiti LinkedIn hata kidogo. Zinagawanywa kwenye vibanda vya uchapishaji River Road, kwenye meza za wahariri wa vitabu vya shule, kwenye matangazo ya mashirika ya misaada, na kwa simu moja kutoka studio iliyolemewa siku mbili kabla ya kazi kukabidhiwa. Hapa tunazipima njia hizo kwa maswali matatu: kazi inakuja upesi kiasi gani, pesa inaingia lini, na baada ya mwaka utakuwa na nini cha kumwonyesha mwajiri mwingine. Swali la tatu ndilo husahaulika, halafu mtu anajikuta ana miaka minne ya kazi na hana kurasa kumi za kuonyesha.

Hukumu yetu kwa ufupi: anayeanza aingie River Road kwa miezi michache, kisha ahamie kwa wachapishaji wa vitabu au kazi za ripoti. Mengine ni ya kuongezea.

River Road na mitaa ya jirani

Kwa anayehitaji pesa wiki hii, hakuna njia inayoishinda hii. Ndani ya jengo moja utakuta mwenye mashine ya kuchapa, mwenye mashine ya kukata, mwenye laminesheni, na katikati yao dizaina na kompyuta yake. Malipo yana sura tatu. Kuna mshahara wa siku. Kuna malipo kwa kila kazi. Na kuna kukodi kiti, ambapo unalipia nafasi na umeme, wateja ni wako, na mwenye mashine anakuchapia kwa bei ya chini kuliko anayotoza mteja wa barabarani. Sura ya tatu ndiyo yenye faida, ila usiianze kabla ya kuwa na wateja wanaokupigia wewe simu badala ya kuuliza duka.

Nenda Jumanne au Jumatano asubuhi. Alhamisi na Ijumaa hakuna atakayekusikiliza, kwa sababu vijitabu vya mazishi na mabango ya sherehe za wikendi vimejaa foleni. Acha wasifu nyumbani. Beba flashi na sampuli zilizochapishwa, kwa sababu mwenye duka anazishika, anazipindua, anaangalia kama zimekatwa sawa, kisha anakupa mtihani. Mara nyingi ni nembo iliyopigwa picha kwa simu, uichore upya papo hapo kwa vekta, yaani mistari isiyoharibika ikikuzwa, au oda ya kadi za biashara uipange kwenye karatasi. Hesabu hiyo ijue kabla ya kufika. Kadi ya milimita 90 kwa 55, ikiongezewa ukingo wa milimita 3 kila upande, inakuwa 96 kwa 61. Kwenye karatasi ya SRA3, yaani milimita 320 kwa 450, zinaenea 3 kwa upana na 7 kwa urefu: kadi 21. Oda ya kadi 100 inakula karatasi 5. Ukisema hivyo bila kushika kalamu, mazungumzo yanabadilika.

Programu inayotawala huko ni CorelDRAW. Anayejua Illustrator pekee atazoea ndani ya siku chache, lakini kompyuta ya duka huenda ina toleo la zamani lisilofungua faili la toleo jipya, kwa hiyo hifadhi kwa toleo la nyuma na ugeuze maandishi yote kuwa mikunjo (curves), yaani michoro isiyohitaji fonti. Anayetegemea Canva ya bure ana shida kubwa zaidi: inatoa faili la rangi za skrini, na ile bluu kali inayong'aa kwenye simu hutoka zambarau kwenye karatasi. Kosa jingine linalomtambulisha mgeni ni maandishi madogo meusi yaliyoundwa kwa kuchanganya rangi zote nne za uchapishaji. Bamba la kuchapia likisogea kidogo tu, herufi zinapata kivuli. Maandishi yawe meusi asilimia 100 na rangi nyingine tatu ziwe sifuri.

Kazi itakayokulisha huko ni vijitabu vya mazishi. Karatasi ya A4 inakunjwa kuwa A5, kwa hiyo kurasa lazima zigawanyike kwa nne: 8, 12, 16, 20. Familia italeta historia ya marehemu ya kurasa 13 na picha 40 za WhatsApp. Waombe watume picha kama hati badala ya picha, kwa sababu WhatsApp huzibana na uso wa marehemu kwenye jalada hutoka na ukungu. Na kabla ya kuchapa, yule aliyeteuliwa na kamati akujibu kwa maandishi: "Nimekagua majina, tarehe na orodha ya watoto." Kosa la kumwacha mtoto mmoja nje ya orodha huonekana kanisani, na bila ujumbe huo gharama ya kuchapa upya ni yako. Ukiambiwa "bosi, chapa tu, iko sawa", subiri bado ujumbe.

Bango la kusimama, lile la sentimita 85 kwa 200, nalo lina mtego wake: sentimita kama 10 za chini humezwa na kitako cha chuma, na kila siku kuna mtu anayeweka namba ya simu hapo hapo.

Uchaguzi mkuu wa tarehe 10 Agosti 2027 utajaza mitaa hii mabango. Kazi itakuwa nyingi na pesa itakuwa nzuri, kwa sharti moja tu: mwanasiasa alipe yote kabla ya mashine kuwashwa. Aliyeshindwa kwenye mchujo wa chama hapokei simu.

Ubaya wa River Road ni kwamba haikujengei jina. Kazi ni za haraka, mteja anataka rangi zote kwenye kona moja, na hakuna anayekupa muda wa kufikiri. Kwa kasi tunaipa 5 kwa 5, kwa pesa 3, kwa kazi za kuonyesha 2. Chagua kazi moja kila mwezi uisafishe upya kwa muda wako mwenyewe, vinginevyo utatoka na mikono myepesi na bila kazi za kuonyesha.

Wachapishaji wa vitabu

Hii ndiyo njia tunayoipenda zaidi, na ajabu ni jinsi madizaina wachache wanavyoifikiria. Nairobi ndiko yaliko makao ya Kenya Literature Bureau, Jomo Kenyatta Foundation, Longhorn, East African Educational Publishers, Moran na wengine. Kila mtaala unapobadilika, vitabu vinaandikwa upya, na kila kitabu cha gredi za chini ni mamia ya michoro. Vitabu vya kiada hupelekwa KICD, taasisi ya serikali ya kukuza mitaala, kukaguliwa, na michoro pamoja na mpangilio wa kurasa ni sehemu ya kinachokaguliwa. Mchapishaji basi hawezi kukwepa gharama ya mchoraji mzuri kwa kuchukua picha za bure mtandaoni.

Kazi ziko za aina mbili. Mchoraji hulipwa kwa mchoro, bei ikifuata ukubwa na rangi: robo ukurasa nyeusi na nyeupe ina bei yake, ukurasa mzima wa rangi bei nyingine. Mpangaji kurasa hulipwa kwa ukurasa au kwa kitabu, na hapa programu ni InDesign. Mpangaji anayeweka kila kichwa kwa mkono badala ya kutumia mitindo ya aya hawezi kudumu, kwani mhariri akitaka vichwa vyote vipunguzwe nukta mbili kwenye kurasa 200, kazi ya dakika moja inamchukua usiku kucha.

Sampuli za kupeleka zisiwe mabango na nembo. Tengeneza kurasa sita maalumu. Mtoto yule yule katika mikao mitatu, ili waone kama uso wake haubadiliki kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Hapo ndipo wachoraji wengi huanguka. Darasa lenye wavulana na wasichana kwa idadi inayokaribiana, na angalau mwanafunzi mmoja mwenye ulemavu akishiriki somo kama wenzake, si akitazama pembeni. Mchoro wa sayansi wenye mistari safi ya majina, usio na vivuli vya mapambo. Ramani ndogo nyeusi na nyeupe inayosomeka ikipunguzwa hadi sentimita 8. Kisha kurasa mbili zinazotazamana zenye zoezi, jedwali na picha.

Mlango bora wa kuingilia ni Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, yanayofanyika Sarit, Westlands, kwa kawaida mwezi Septemba. Wanaosimama kwenye vibanda ni watu wa mauzo, kwa hiyo usiwaonyeshe kazi. Waulize jina la mkuu wa idara ya uzalishaji na anwani yake ya barua pepe, andika, ondoka. Barua ikifika wiki inayofuata ikimtaja mtu kwa jina, na faili moja la PDF la kurasa hizo sita, inasomwa. Nje ya msimu huo unaweza kupeleka bahasha mapokezi, na bado hufanya kazi kuliko fomu ya tovuti.

Kinachoumiza ni pesa. Wengine hulipa baada ya mhariri kuidhinisha michoro yote, wengine baada ya kitabu kwenda mitamboni, na kati ya hapo miezi inapita. Omba awamu tatu: sehemu wakati wa kuanza, sehemu kwa michoro ya penseli ikikubaliwa, na salio kwa faili za mwisho. Tena weka kikomo cha marekebisho, maana mwandishi anaweza kubadili sura nzima baada ya wewe kuichora. Kazi pia huja kwa mafuriko kabla ya tarehe ya kuwasilisha KICD, kisha kimya. Kasi 2, pesa 3, kazi za kuonyesha 5.

Tovuti za ajira na gazeti la Jumanne

BrighterMonday, Fuzu na MyJobMag zinafaa kwa ajira za kudumu kwenye kampuni zenye ofisi ya rasilimali watu. Kujiandikisha ni bure. Kosa kubwa ni kutafuta "graphic designer" tu, neno ambalo kila mtu anatafuta. Weka tahadhari za barua pepe kwa "artworker", "prepress", "packaging", "layout" na "illustrator". Viwanda vya Industrial Area hutangaza nafasi za vifungashio kwa majina hayo, na waombaji huwa wachache. Tangazo linalotaka dizaina anayepiga picha, kuhariri video, kuendesha kurasa za kampuni na kupokea simu kwa mshahara mmoja, lipite.

Nafasi za serikali hutoka kwenye MyGov, chapisho la matangazo ya serikali linalotoka Jumanne. Ni chache na mchakato wake ni mrefu, lakini kuiperuzi hakuchukui dakika tano.

Ripoti za mashirika

Gigiri, Westlands na Kilimani zimejaa mashirika, na kila shirika lina ripoti ya mwaka, muhtasari wa sera, vipeperushi vya mradi. Matangazo hutoka ReliefWeb, tovuti ya OCHA (ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada), ambako unaweza kuchuja kwa nchi na kwa aina ya kazi. Wengi wanasoma neno "ushauri" wanadhani ni kazi ya wenye shahada za juu, wanapita. Ukifungua waraka wa maelezo unakuta ni ripoti ya kurasa 40 inayotafuta mpangaji.

Hutakiwa ofa mbili, ya kiufundi na ya kifedha, katika faili tofauti. Ukiweka bei ndani ya ile ya kiufundi unaweza kuondolewa bila kusomwa. Ripoti ya kurasa 40 ihesabu hivi: siku 2 za pendekezo la mwonekano, 5 za kupanga kurasa, 2 za chati na ramani, 2 za marekebisho. Siku 11, mara bei yako ya siku. Andika waziwazi kwamba bei inajumuisha duru mbili za marekebisho, na kwamba maandishi yatapokelewa yakiwa yamehaririwa. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kinachokuokoa, kwa sababu idara tatu zitaleta maandishi mapya ukiwa umeshapanga kurasa 30. Uliza mapema kama wanataka PDF inayosomeka na programu za wasioona. Mpangilio wake wa vichwa na maelezo ya picha hufanywa tangu mwanzo, na kuuongezea mwishoni ni kama kuanza upya.

Shirika litakata kodi ya asilimia 5 kabla ya kukulipa. Kwenye ankara ya Sh100,000 unapokea Sh95,000, na zile 5,000 unazidai kama kodi iliyokwisha kulipwa unapojaza marejesho kwenye iTax, tovuti ya kodi, kabla ya Juni 30. Usisahau kudai cheti chake. Tangu Januari 2024 mashirika na kampuni zinataka ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato (KRA), kwa sababu bila hiyo KRA haikubali matumizi yao. Jisajili kabla hujapata kazi. Kazi ikishaisha na ankara ikakataliwa, malipo yanasogea mwezi mwingine. Kasi 2, pesa 5, kazi za kuonyesha 4.

Masoko ya ng'ambo

Fiverr na Upwork ni masoko ya mtandaoni ya kazi za kujitegemea. Fiverr hukata asilimia 20 ya kila malipo, na pesa hukaa siku 14 kabla ya kuitoa kwa muuzaji wa kawaida. Upwork hukata hadi asilimia 15 kwa mikataba mipya, na kuomba kazi kunagharimu tokeni zinazonunuliwa. Huko Upwork, kwa kazi yenye bei moja iliyokubaliwa, mteja asipojibu ndani ya siku 14 baada ya kuwasilisha, malipo huachiliwa yenyewe, lakini tu ikiwa pesa ilikuwa imewekwa kwenye akaunti ya dhamana. Usianze kabla ya kuona imewekwa. Kutoa PayPal kwenda M-Pesa kumewezekana tangu 2018; linganisha kiwango cha kubadilisha dola na cha benki yako kabla ya kubonyeza.

Tatizo halisi ni kwamba dizaina mpya wa nembo anashindana na dunia nzima kwa bei. Afadhali uuze kitu chembamba: kupanga kurasa za vitabu, kuchora upya nembo kwa vekta, slaidi za wawekezaji. Uzoefu wa River Road na wa wachapishaji unauzika hapa vizuri kuliko neno "mbunifu".

Kampuni za matangazo, mawakala na hafla

Kwa kampuni za matangazo, andikia meneja wa studio. Ofisi ya ajira huhifadhi wasifu. Meneja wa studio ndiye anayejua kwamba kuna zabuni ya kuwasilishwa Ijumaa na watu wawili ni wagonjwa. Kichwa cha barua kiseme unachofanya na lini uko huru: "Mpangaji wa kazi za kuchapa, niko huru kwa zamu za usiku kuanzia Jumatatu." PDF moja, kazi sita, chini ya megabaiti 8, kila kazi ikiwa na mstari mmoja unaosema wewe ulifanya sehemu gani. Septemba hadi Novemba ndio msimu, kwa sababu ya kalenda, shajara na kadi za mwisho wa mwaka.

Wakala wa ajira lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao inaweza kuulizwa. Anayetaka pesa ya "usajili" au "mafunzo" kwa namba ya M-Pesa ya mtu binafsi, kata simu.

Nairobi Design Week, wiki ya maonyesho ya dizaini, ni nzuri kwa kuona nani anafanya nini. Kama njia ya kupata kazi ni ya polepole, ila wanaojitolea kusaidia kuandaa maonyesho hufahamiana na watu kuliko wageni wanaopita na kikombe cha kahawa.

Kabla ya kusema ndiyo

Mtihani wa bure usizidi kipande kimoja. Upeleke kwa ukubwa mdogo na alama ya jina lako juu yake. Kampuni inayotaka kampeni nzima kama "jaribio" imeshapata kampeni.

Ukiajiriwa kwa miezi mitatu au zaidi, Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa maandishi. Muda wa majaribio hauzidi miezi sita, na kuuongeza kunahitaji ukubali. Kwenye hati ya mshahara angalia SHIF (bima ya afya) asilimia 2.75, ushuru wa nyumba asilimia 1.5, na NSSF (akiba ya uzeeni), kisha uhakikishe NSSF inafika kweli. Studio ndogo nyingine hukata na hazipeleki.

Kwa kazi za kujitegemea, kipengele muhimu kuliko vyote ni cha hakimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya inahesabu kazi iliyoagizwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vinginevyo. Bila maandishi, mteja anaweza kukuzuia hata kuionyesha kwenye mkusanyo wako wa sampuli. Sentensi mbili zinatosha, na ziwekwe kwenye barua ya bei kabla ya malipo ya kwanza: "Hakimiliki inahamia kwa mteja baada ya malipo yote kukamilika. Msanifu anabaki na haki ya kuonyesha kazi hii kama sampuli, katika karatasi na mtandaoni, baada ya mteja kuichapisha."